Tovuti za biashara Mwanza: Mteja anafika mlangoni, anageuka

MWANZA

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa hahitaji maelezo mengi. Husimama mbele ya gunia, akachota kiganja kimoja, akatazama kama kuna mchanga, akanusa, kisha akauliza bei. Muuzaji akichelewa kujibu kwa sababu yuko kwenye soga, mnunuzi hagombi wala haagi. Husogea tu kwenye gunia la jirani. Muuzaji huyo humwona kwa macho yake akienda, na kesho yake hujirekebisha.

Biashara iliyohamia kwenye intaneti haina bahati hiyo. Mteja aliyefungua tovuti ya kampuni, akangoja, akachoka na kwenda kwa mshindani, hakuna anayemwona akiondoka. Mwenye kampuni huendelea kuamini kuwa tovuti yake "ipo hewani" na kwamba soko ndilo baya. Hasara ya namna hii haiandikwi kwenye daftari lolote, na ndiyo maana hudumu kwa miaka.

Katika ukanda wa Ziwa, wasafirishaji wa samaki, wenye hoteli, mawakala wa utalii na wauza vipuri wamekuwa wakigharimia tovuti kwa matumaini ya kupata wateja wa mbali. Swali ambalo mfanyabiashara makini hana budi kujiuliza ni kama fedha hizo zinarudi. Pale zisiporudi, mara nyingi sababu si uhaba wa urembo. Tovuti hutengenezwa ili impendeze mwenye mali anayeitazama kwenye kompyuta kubwa ofisini, wakati mteja anaitazama kwenye kioo cha simu, juani, kwa bando alilolinunua mwenyewe.

MAKOSA YA ZAMANI

Tatizo hili halikuanzia Mwanza. Mei 1996 mtaalamu wa Kidenmark aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Jakob Nielsen, alichapisha orodha ya makosa 10 makubwa ya utengenezaji wa tovuti. Miongoni mwake yalikuwamo maandishi yanayotembea kwenye kioo, habari zilizopitwa na wakati, na kurasa zinazochukua muda mrefu mno kufunguka. Tangu hapo vyombo vimebadilika, kutoka kompyuta za mezani hadi simu za mkononi, lakini sehemu kubwa ya makosa hayo bado yapo.

Gharama yake ilionekana wazi huko London. Novemba 1999 kampuni ya Boo.com ilifungua duka la mavazi kwenye intaneti. Kurasa zake zilijaa picha za kuzungushwa na katuni ya msichana aliyeitwa Miss Boo, aliyepewa kazi ya kumshauri mteja. Wateja wengi wakati huo walikuwa wakiunganishwa na intaneti kwa laini za kawaida za simu, na kurasa zile ziliwachukua muda mrefu kuzipata. Mei 2000, miezi sita tu baada ya kufunguliwa, kampuni ilianguka ikiwa imetumia takriban dola za Marekani milioni 135. Ni kweli kwamba matumizi makubwa na haraka ya kuingia nchi nyingi kwa mpigo vilichangia. Hata hivyo, duka ambalo mteja anashindwa kuingia haliwezi kulipa madeni yake, hata likiwa na wawekezaji wakubwa nyuma yake.

Funzo kwa mwekezaji mdogo wa hapa ni rahisi: fedha nyingi zaidi si dawa ya tovuti mbovu, na wakati mwingine ndizo zinazoiharibu.

UZITO WA KURASA

Kosa la kwanza kwa ubaya ni uzito. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti 3 hadi 5. Fundi asiye mwangalifu huipandisha kwenye tovuti kama ilivyo, na kwenye kompyuta ya ofisini hakuna anayeona tofauti.

Tuchukue mfano wa hoteli iliyoweka picha 8 za megabaiti 4 kila moja kwenye ukurasa wake wa kwanza. Jumla ni megabaiti 32. Kwa mteja mwenye mtandao wa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa huo utamchukua zaidi ya dakika 2 kumalizika kufunguka. Aidha, akiwa na bando la gigabaiti 1, akiufungua mara 31 bando limekwisha. Picha zile zile zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, jumla inashuka hadi megabaiti 1.2 na muda unashuka hadi sekunde 5 hivi. Kwenye kioo cha simu, jicho la mgeni haliwezi kutambua tofauti.

Taarifa iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2016 ilieleza kuwa asilimia 53 ya watu wanaofungua tovuti kwa simu huiacha endapo inachukua zaidi ya sekunde 3. Huenda mteja wa Mwanza, aliyezoea kungoja, ana subira kubwa zaidi ya hiyo. Lakini hakuna subira ya dakika 2, hasa pale tovuti ya mshindani ipo mstari mmoja chini yake.

Kuna na jambo la mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hizo tovuti nyepesi hujikongoja na kufunguka, ilhali nzito hubaki kioo cheupe. Mfanyabiashara hana uwezo wa kuzuia waya kukatika chini ya bahari. Kupunguza uzito wa picha zake kumo ndani ya uwezo wake.

BEI BILA TAREHE

Kosa la pili ni kuficha bei, au kuiweka bila tarehe. Tovuti nyingi humwambia mteja "wasiliana nasi kwa bei". Wenye biashara wana hoja zao: mshindani ataiona, bei hubadilika kila siku, na biashara ya Kiafrika ni ya kuongea. Hoja hizi si za kupuuzwa.

Biashara ya dagaa ni ushahidi mzuri. Wavuvi wa Ziwa Victoria huvuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru yake huzidi nguvu za taa, na wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi kwa siku kadhaa. Mzigo unaofika Mwaloni hupungua na bei hupanda. Giza likirudi, dagaa huwa wengi na bei hulegea. Ni nani basi atakayethubutu kuandika bei moja?

Jibu ni kwamba mnunuzi wa Lubumbashi au Bujumbura anayafahamu mabadiliko hayo kuliko anavyodhaniwa. Hatafuti bei ya kudumu. Anatafuta mahali pa kuanzia hesabu: mzigo uliuzwaje wiki iliyopita, kwa kilo au kwa gunia, na gunia hilo lina kilo ngapi. Mstari mmoja unaotaja bei ya juu, bei ya chini na tarehe yake unatosha kumfanya apige simu. Asipouona, hupiga simu kwa yule aliyeuandika. Kuhusu mshindani, huyo yuko Mwaloni tangu alfajiri na bei anaijua kabla ya mwenye tovuti kuamka.

Ubaya wa habari iliyochakaa ni mkubwa kuliko wa kutokuwa na habari. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na magari ya kwenda Sengerema na Geita yakaacha kungoja kivuko mahali hapo. Tovuti ya nyumba ya wageni ya ng'ambo inayoendelea kumwelekeza mgeni afike mapema kuwahi kivuko inamwambia mambo mawili: kwamba safari ni ngumu, na kwamba wenye nyumba hawajaigusa tovuti yao tangu wakati huo. La kwanza si kweli tena. La pili ni kweli, na ndilo linalomfukuza.

"BIDHAA BORA" SI MAELEZO

Kosa la tatu ni maneno matupu. "Tunauza dagaa bora kwa bei nafuu" ni sentensi ambayo kila muuzaji anaweza kuiandika, kwa hiyo haimsaidii hata mmoja. Mnunuzi anataka kujua kama dagaa wamekaushwa mchangani au juu ya chanja. Wa mchangani huishia zaidi kwenye chakula cha mifugo. Wa chanja ni wa mezani, na bei zao hazilingani. Hali kadhalika, mnunuzi wa mabondo ya sangara anaulizia ukubwa wake, kwa kuwa bondo kubwa na dogo hayana bei moja. Tovuti isiyotaja mambo haya ni sawa na gunia lililoshonwa mdomo.

Kwa wasafirishaji wa minofu jambo hili ni zito zaidi. Wakongwe wa biashara hiyo hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika masoko yake, na viwanda vya pwani nzima ya ziwa vikatikisika. Kiwanda kinachoruhusiwa kuuza Ulaya kina namba yake ya idhini, na mnunuzi wa huko huitafuta namba hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Kuificha kwenye ukurasa wa tano, nyuma ya picha za machweo kwenye mawe ya Bismarck, ni kumpotezea muda mtu asiye na muda.

Kwenye utalii kosa hili lina sura nyingine. Mgeni aliyeko Ulaya akisikia Serengeti anafikiria Arusha. Hajui kuwa lango la Ndabaka lipo kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, karibu kilomita 140 kutoka jijini, wala kwamba hifadhi ya Saanane ipo kisiwani ndani ya jiji lenyewe. Wakala wa Mwanza anayejaza tovuti yake picha za simba, bila kutaja umbali, muda wa safari na gharama ya gari, anaitangaza Serengeti kwa faida ya mawakala wa Arusha.

Lugha nayo ina gharama. Soko la dagaa la Mwanza linawafikia wanunuzi wa mashariki ya Kongo na Burundi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya wachuuzi wengi. Kampuni yenye wateja wa aina hiyo kuweka tovuti ya Kiingereza pekee ni kuwavalia suti watu waliokuja kupakia magunia. Kwa upande wa pili, hoteli inayongoja wageni wa Ulaya haina budi kuwa na Kiingereza kilichosahihishwa na mtu anayekijua. Kanuni ni moja: lugha ya tovuti ni ya yule anayelipa.

VIZUIZI MLANGONI

Kosa la nne ni kumwekea mteja vizuizi. Kabla hajaona lolote, tangazo linafunika kioo chote likimwomba barua pepe, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko ncha ya kidole. Akilifunga, video inaanza kucheza yenyewe na kula bando. Akitaka bei, anatakiwa kujisajili na kutunga neno la siri. Hakuna mwenye duka Makoroboi anayemwandikisha mteja jina mlangoni kabla ya kumwonyesha kitenge.

Fomu ndefu zina hatari nyingine ambayo wengi hawajaiwaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya majina, simu na anwani za watu ana wajibu wa kuzilinda na kuzitumia kwa kusudi alilolieleza. Mfanyabiashara anayeomba tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayetaka kulala usiku mmoja tu anajibebesha mzigo wa kisheria usiomwingizia hata shilingi.

Kizuizi cha mwisho kipo kwenye malipo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na fedha za simu sasa ni jambo la kawaida sokoni. Bado zipo tovuti za kuwauzia Watanzania zinazopokea kadi za benki tu. Mteja aliyekwisha kuchagua bidhaa na kukubali bei anageukia hapo, hatua moja kabla ya fedha kuingia. Hakuna mteja ghali kumpoteza kama huyo.

NANI ANAKAA HAPA?

Kosa la tano linahusu uaminifu. Matapeli wa mitandaoni wamewafundisha wanunuzi kuwa waangalifu, na hilo ni jema. Mnunuzi anayetaka kutuma malipo ya awali ya tani moja ya mzigo anatafuta dalili kuwa kampuni ina ofisi, mtaa na mtu wa kujibu. Tovuti isiyotaja jina kamili lililosajiliwa BRELA, isiyoonyesha ghala liko Igogo au Kirumba, na yenye namba moja ya simu isiyopokelewa, inafanana na ya tapeli hata kama mwenyewe ni mtu mwadilifu.

Tangu Julai 2018 programu ya Chrome, inayotumiwa na watu wengi kufungulia tovuti, huonyesha onyo kuwa tovuti si salama endapo haina ulinzi wa mawasiliano. Ulinzi huo hupatikana hata bila malipo, hivyo ni aibu kukutwa na onyo hilo. Mteja haelewi maana yake ya kiufundi. Anaona neno "si salama" kando ya jina la kampuni, na hilo linamtosha.

Lipo pia suala la umiliki. Baadhi ya wafanyabiashara hugundua wakiwa wamechelewa kuwa jina la tovuti yao lilisajiliwa kwa jina la fundi. Fundi akihama au wakikosana, ada ya mwaka hailipwi na tovuti inazimika, pamoja na anwani zote za barua pepe zilizochapwa kwenye kadi na magari. Hakuna anayejenga ghala kwenye kiwanja chenye hati ya mtu mwingine, na tovuti nayo ichukuliwe hivyo hivyo.

"WHATSAPP INATOSHA"

Wapo watakaosema kuwa mambo yote haya ni ya bure, kwa kuwa biashara ya sasa ipo WhatsApp na Instagram. Kwa mwenye duka la rejareja ambaye wateja wake wote wako Nyamagana na Ilemela, hoja hiyo ina nguvu. Tovuti mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na tovuti, na asiye na uwezo wa kuitunza ni bora asiitengeneze. Fedha hizo zitamfaa zaidi akiongezea mzigo.

Kwa anayeuza nje ya mkoa, hali ni tofauti. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa 6, na waliotegemea hizo tu walikaa siku hiyo bila mlango wa kuingilia wateja. Zaidi ya hayo, mnunuzi mkubwa wa nje na ofisa wa benki anayefikiria mkopo hutaka mahali pa kudumu pa kuhakiki kampuni. Mitandao ya kijamii ni kama mbiu ya mnadani: humwita mtu aje. Akishafika, lazima akute duka.

LA KUFANYA

Kipimo hakihitaji mtaalamu. Mwenye kampuni aazime simu ya bei nafuu, azime mtandao wa ofisi na kutumia bando, asimame Mwaloni mchana wa jua, kisha ampe mtu asiyeijua kampuni yake. Amwombe atafute mambo manne: kinachouzwa, bei na tarehe yake, mahali ilipo ofisi, na namba ya simu inayopokelewa. Dakika moja ikipita kabla hajayapata yote, tovuti hiyo inafukuza wateja, hata kama ilishangiliwa siku ya kuzinduliwa.

Ni vyema pia mkataba na fundi uandikwe mambo matatu: ukurasa wa kwanza usizidi megabaiti 2, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni, na mfanyakazi mmoja wa kampuni afundishwe kubadili bei na habari bila kumwita fundi. Kazi hiyo ya kubadili ipangiwe siku, kama inavyopangwa siku ya kwenda benki.

Wawekezaji wadogo nao wana la kujifunza. Anayetaka kuweka fedha zake kwenye biashara ya rafiki au kampuni changa hukagua ghala, vitabu na magari. Aifungue pia tovuti, kwa simu yake mwenyewe. Bei za mwaka juzi, namba ya simu isiyopatikana na picha zisizofunguka ni dalili za namna wateja wanavyohudumiwa hata pale ambapo hawaonekani.

Mwaloni wanaujua msingi huu siku zote. Mteja akishasogea kwenye gunia la jirani, kumwita kwa sauti hakumrudishi. Jambo la maana ni kumjibu bei alipouliza.